Pikapu Yangu Ni Zero Kilometa, Niiendesheje?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi na parachichi hapa Makambako. Miaka yote nimetumia magari yaliyotumika, yale yanayoshuka bandarini kutoka Japani yakiwa yameshatembea zaidi ya kilomita laki moja. Mwaka huu, kwa akiba yangu na mkopo wa SACCOS, nimenunua pikapu mpya kabisa, ya dizeli, kebini moja, gia za mkono. Iko kwa muuzaji Dar es Salaam na nitaifuata mwisho wa mwezi.

Furaha ni kubwa, lakini ushauri umenizidi. Shemeji yangu, dereva wa Fuso wa siku nyingi, anataka anisaidie kuileta. Anasema gari jipya lazima lifunguliwe njiani, likanyagwe mpaka 140 kuanzia Morogoro, la sivyo litakuwa zito maisha yake yote. Fundi wangu anasema nisizidi 40 mpaka nifikishe kilomita 5,000, na kwamba usiku wa kwanza niiache inaunguruma uani hadi asubuhi ili injini izoee. Mjomba wangu, aliyewahi kuwa na Peugeot 504, anasema nimwage oili nikifika kilomita 500 na niweke nzito zaidi. Juu ya hayo, shemeji anasema kwa kuwa gari linakuja tupu kutoka Dar, tulipakie saruji, tusipoteze safari.

Nimsikilize nani? Na viazi naweza kuanza kupakia lini?

Mkulima na Mchuuzi, Makambako

Mdogo wangu, hongera sana. Mkopo wa SACCOS mtu hulala nao na kuamka nao, kwa hiyo naelewa kwa nini hutaki kukosea kilomita za mwanzo. Nitakupa jibu fupi kwanza. Kwa kilomita 1,600 za kwanza usiikimbize, usiibembeleze kupita kiasi, usiipakie kupita uwezo, na usiuache mshale wa spidi usimame mahali pamoja kwa muda mrefu. Badilisha mwendo. Na kilomita hizo ziendeshwe na mtu mmoja, ambaye ni wewe mwenyewe.

Ukishajua kinachofanyika ndani ya injini, hutahitaji tena kuchagua kati ya wanaume watatu.

Pistoni haizibi silinda yenyewe. Kinachoziba ni ringi zilizoizunguka, na ringi hizo zinapaswa kuukalia ukuta wa silinda bila kuacha upenyo. Kiwandani ukuta huo hauachwi laini. Huchongwa mistari myembamba inayokatana, kama meno ya tupa ndogo sana. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake huliwa polepole na ringi mpaka ringi na ukuta vifanane. Kazi hiyo hufanyika mara moja tu katika uhai wa injini, na sehemu kubwa yake hufanyika katika kilomita mia chache za mwanzo.

Sasa, ni nini kinachoisukuma ringi kwenye ukuta? Ina mkunjo wake wa asili, lakini nguvu kubwa hutoka kwenye mlipuko wa mafuta. Gesi hupenya nyuma ya ringi na kuibana ukutani. Injini ikifanya kazi ya wastani, ringi hubanwa vizuri na kukaa mahali pake. Ikiunguruma tu bila kazi, mbano ni hafifu. Oili hupenya juu ya pistoni, huungua, na mabaki yake huganda ukutani na kuziba ile mistari. Mafundi wakiifungua injini ya namna hiyo huukuta ukuta unang'aa, na kung'aa huko ni ugonjwa. Injini itakula oili na kutoa moshi wa buluu miaka yote, na dawa yake ni kuishusha, kuifungua na kuichonga upya. Injini za dizeli hupatwa na hali hii kwa urahisi kuliko za petroli.

Kwa hiyo ushauri wa fundi wako kwamba uiache ikiunguruma uani usiku kucha ndio mbaya kuliko yote uliyopewa, ingawa ndio unaoonekana wa huruma zaidi. Nakuomba sana usiufanye, hata kwa saa moja. Asubuhi iwashe, funga mkanda, panga vioo, kisha ondoka. Nusu dakika au dakika moja inatosha. Iendeshe taratibu mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida, halafu endelea dakika nyingine kadhaa kwa upole, kwa sababu oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Injini hupashwa moto ikiwa inatembea.

Na 40 mpaka kilomita 5,000? Hapo pia amekosea, ila si sana. Kutembea polepole si kosa. Kosa ni kutembea polepole ukiwa gia ya nne au ya tano, mguu umezama kwenye mafuta na gari linatetemeka likilalamika. Injini inapobebeshwa kazi ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, shinikizo huwa kubwa na oili haisukumwi vya kutosha. Ukilisikia linagugumia, punguza gia.

Shemeji yako anakosea upande wa pili. Ringi na ukuta vikiwa bado havijafanana, vinagusana kwenye ncha chache tu, na ncha hizo hubeba moto wote. Ukikanyaga mpaka chini muda mrefu, joto hupanda, utando wa oili hukatika na chuma hukwaruza chuma. Hata angekwenda 90 badala ya 140, bado angekuwa na kosa moja, nalo ni kushikilia spidi ileile kutoka Morogoro mpaka Iringa. Vitabu vya Toyota, kwa mfano, vinasema wazi kwamba katika kipindi cha mwanzo usiende kasi ya kupindukia, usikanyage mafuta ghafla, usiendeshe mfululizo kwenye gia ndogo, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kipindi hicho ni kilomita 1,000 kwenye baadhi ya magari yao na 1,600 kwenye mengine. Honda wanataja kilomita 1,000. Kitabu cha gari lako kitakuwa na ukurasa wake, na kikitofautiana nami, fuata kitabu.

Kuhusu imani ya kwamba gari lisipofunguliwa kwa kasi litabaki zito: gari za sasa zina kompyuta inayopima hewa na mafuta kila wakati, na injini haikariri uzito. Wepesi anaousikia shemeji baada ya safari ndefu upo kweli. Unatokana na ringi zilizokaa vizuri, na hizo hukaa kwa mwendo wa wastani unaobadilika bila kuhitaji 140.

Mjomba naye nisingependa umpuuze, maana anayoyasema yalikuwa sahihi kwa gari lake. Enzi hizo vyuma havikuchongwa kwa usahihi wa leo, oili zilikuwa duni, na vumbi la chuma lililobaki ndani lilikuwa jingi. Huko Uingereza miaka ya 1950, mwenye gari jipya alibandika karatasi kwenye kioo cha nyuma kuwaomba wenzake wampite, kwa kuwa alikuwa bado anaizoesha injini. Mjomba alirithi nidhamu hiyo, na nidhamu yenyewe ni njema. Kilichobadilika ni chuma.

Tuje kwenye oili, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hutumia pesa kujiumiza. Usimwage oili ya kiwandani kwenye kilomita 500 kwa sababu tu ni desturi. Honda, kwa mfano, huwaambia wateja wao waiache oili ya mwanzo mpaka muda wa sevisi ulioandikwa ufike. Watengenezaji wengine huagiza ibadilishwe mapema. Angalia jedwali la sevisi kwenye kitabu chako. Likisema kilomita 1,000, iwe 1,000. Likisema 5,000 au 10,000, subiri, lakini soma pia safu ya matumizi magumu, ile inayohusu vumbi, mizigo na njia mbovu. Wewe unayeingia mashambani kufuata viazi uko kwenye safu hiyo, na muda wake huwa mfupi.

Unene wa oili ni suala jingine. Wengi hapa kwetu wanaamini oili nzito ndiyo yenye nguvu, na kwenye injini iliyochakaa oili nzito huficha kelele na moshi kwa muda. Injini mpya ina njia nyembamba za oili zilizopimwa kwa namba maalumu, na namba hiyo imeandikwa kitabuni, mara nyingi hata kwenye kifuniko cha oili. Kama imeandikwa 5W-30, usikubali 20W-50 hata ukiambiwa ni ya bure. Vile vichupa vya dawa ya injini vinavyouzwa kwenye sheli, vinavyodaiwa kuteleza kuliko oili yenyewe, viache. Injini inayozoea inahitaji ringi ziule ukuta kidogo, na kitu kinachozuia msuguano huo kitakuchelewesha.

Unachotakiwa kufanya kwa bidii ni kupima. Injini mpya inaweza kunywa oili kidogo kabla ringi hazijakaa, na watengenezaji kadhaa huhesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida. Kila unapojaza mafuta, egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika tano au zaidi, kisha chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena na ukisome. Andika kwenye daftari. Ikishuka kisha ikaacha kushuka, injini imekaa. Ikiendelea kushuka baada ya sevisi ya kwanza, unayo daftari la kumwonyesha muuzaji, na daftari lina nguvu mezani kuliko maelezo ya mdomo.

Kabla hujatoka kwa muuzaji, usione haya kuchelewesha watu. Kagua upepo wa tairi kwa kipimo na ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu magari yanayosafirishwa kwa meli mara nyingi hujazwa upepo kuliko kawaida, na mtu akisahau kuupunguza utaendesha gari linalorukaruka. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2324 ni juma la 23 la mwaka 2024. Hapo utajua gari limekaa muda gani likisubiri mnunuzi. Angalia oili, maji ya rejeta na maji ya breki, tikisa terminali za betri, hakikisha jeki na spana ya magurudumu vipo. Na mifuko ya nailoni kwenye viti iondoe siku hiyohiyo. Najua watu wanaipenda, lakini inateleza, ina joto, na kwenye viti vyenye mfuko wa hewa ubavuni inaweza kuuzuia usifunguke.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Dar hadi Makambako ni karibu kilomita 700, na kwa bahati yako barabara hiyo ni mwalimu mzuri wa gari jipya. Ondoka alfajiri kabla foleni ya Mbezi na Kibaha haijakaza.

Hadi Chalinze fikiria breki kuliko injini. Pedi mpya na diski mpya nazo hazijafahamiana, na zinahitaji kuachiana utando mwembamba wa sawasawa. Vitabu vya Toyota na Honda vinataja kilomita 300 za kwanza za kuepuka kufunga breki ghafla. Acha nafasi kubwa mbele yako, kubwa kuliko uliyozoea, na ushike breki mapema, kwa ukakamavu wa wastani, mara nyingi. Matuta na alama za 50 kwenye vijiji zitakupa nafasi tele. Tairi nazo hutoka kiwandani zikiwa na utelezi wa ile dawa inayozitoa kwenye kalibu, na lami ikiwa na manyunyu utausikia kwenye kona. Utaisha wenyewe baada ya kilomita mia kadhaa.

Baada ya Morogoro barabara inafunguka, na hapo ndipo kishawishi kipo. Cheza kati ya 70 na 95. Panda hadi 90, kaa dakika chache, ondoa mguu kwenye mafuta na uiache injini ijizuie yenyewe mpaka 70, kisha panda tena taratibu. Kule kushuka bila mafuta kuna faida yake, kwa kuwa mbano wa ringi hupungua na oili hupata nafasi ya kupoza na kusafisha. Kwenye mshale wa mizunguko, kipimo changu ni kutovuka theluthi mbili ya njia ya kuelekea alama nyekundu. Ukilazimika kulipita lori, lipite, na hata mshale ukizidi kwa sekunde chache injini haitakufa. Usihatarishe roho yako kwa ajili ya ringi.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita hamsini hivi, utapunguza mwendo kwa sababu ya wanyama na matuta, na gari litapumua. Kisha linakuja Bonde la Mibuyu kandokando ya Ruaha, ambako joto ni kali. Angalia mshale wa joto hapo. Simama Ruaha Mbuyuni, kula, nyosha miguu, zunguka gari, chungulia chini kama kuna kitu kinachovuja. Utahitaji utulivu, kwani mbele yako ni Kitonga.

Watu wengi huniuliza kama gari jipya linafaa kupandishwa Kitonga. Linafaa, likiwa tupu. Mlima ni kazi nzuri kwa ringi, kwa sababu unazibana vizuri, mradi ushuke gia mapema kabla injini haijaanza kugugumia. Panda na gia ya pili au ya tatu kwa utaratibu, nyuma ya malori kama ilivyo kawaida ya pale, na usijaribu kuyapita kwenye kona. Kuwa kwenye gia ndogo kwa dakika chache hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kufanya hivyo kwa masafa marefu. Ukifika juu na ukataka kusimama Ilula ununue nyanya au vitunguu, usizime injini papo hapo. Pikapu nyingi za dizeli za sasa zina tabo inayozunguka kwa kasi kubwa sana na kutegemea oili ili ipoe. Baada ya mlima mkali ipe dakika mbili ikiunguruma, kisha zima. Tabia hiyo ibaki nayo hata gari likizeeka, maana tabo mpya ni ghali.

Kama unachoka, lala Iringa. Injini hupenda kupata moto na kupoa kabisa mara kadhaa katika siku zake za mwanzo, na wewe mwenyewe utakuwa umeendesha kutwa. Mafinga na Makambako hazitahama.

Unaona kwa nini nimesema uendeshe mwenyewe. Si kwamba shemeji hajui gari. Fuso analijua kuliko mimi. Lakini mkono wake umezoea kusukuma tani nyingi na kuwahi soko, na mkono hubadilika kwa shida kuliko mawazo. Akae kiti cha abiria akusomee barabara, huo ni msaada mkubwa. Na ukiendesha mwenyewe utaijua sauti ya gari lako lilipokuwa zima, ili siku sauti hiyo ikibadilika uwe wa kwanza kugundua.

Ama saruji, hapana. Mifuko ishirini ya kilo hamsini ni tani nzima, na kubebesha tani kwenye safari ya kwanza, kupanda Kitonga, ni kuiomba difu ipate moto kabla meno yake hayajakaa sawa. Meno ya difu nayo hulainishana mwanzoni, na ndiyo sababu Toyota, kwa mfano, wanakataza kuvuta tela kabla ya kilomita 800. Springi za nyuma nazo hulegea kidogo mwanzoni, na nati za magurudumu na za yu-bolti zinahitaji kukazwa tena kwenye ukaguzi wa kwanza. Ukipitiwa kwenye hili, njia ya mashambani itakukumbusha vibaya.

Ukifika nyumbani utakuwa na kilomita 700 hivi. Wiki zinazofuata itumie kwa safari zako za kawaida bila mzigo mzito: Njombe na kurudi, Mafinga, Ilembula. Usiiache ikikaa siku nyingi halafu uitoe kwa mbio fupi za sokoni tu, kwa sababu injini ya dizeli isiyopata moto kamili haizoei ipasavyo. Baada ya kilomita 1,000 pakia nusu ya uwezo ulioandikwa kwenye kitabu, na uendelee hivyo mpaka 1,600. Baada ya hapo pakia uwezo wake kamili, lakini uwezo huo ni wa kilo na hauhesabiwi kwa magunia, na lumbesa moja ya viazi inaweza kukudanganya sana. Pima gunia moja kwenye mizani ya soko, kisha fanya hesabu.

Sevisi ya kwanza ifanye mahali panapotambuliwa na dhamana yako, hata kama ni mbali kuliko gereji ya fundi wako. Hakikisha wamegonga muhuri kwenye kitabu na kukupa risiti, na waulize mambo matatu ana kwa ana: kama nati za magurudumu na yu-bolti zimekazwa, kama chujio la dizeli limemwagwa maji, na kama kompyuta imesoma hitilafu yoyote. Fundi wako muombe aje naye atazame. Gari likitoka kwenye dhamana atalishika yeye, na ni vizuri alijue tangu sasa.

Na saruji ya shemeji, mtafutieni Fuso inayorudi tupu kutoka Dar wiki hiyo. Yeye hatakosa kuwafahamu madereva wake.